Fundi Anayeuliza Kabla ya Kufuta

Singida mjini, kompyuta ikianza kuwa nzito, ushauri wa kwanza unaopewa ni mmoja tu: kaipige Windows. Atakuambia mwanafunzi wa Taasisi ya Uhasibu, atakuambia mwenye steshenari, atakuambia hata mtu ambaye hajawahi kumiliki mashine maishani mwake. Wote wanalisema kwa wepesi. Unampelekea fundi, anachomeka flashi, anabonyeza hapa na pale, jioni unarudi, mashine imekuwa mpya, unatoa hela, unaondoka.

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya mafundi hawa, na ninachotaka ni kuusifu ufundi wao kwa sababu sijasikia ukisifiwa. Fundi cherehani ana gauni la kuonyesha. Fundi wa kuchomelea ana geti, tena ataliegemeza barabarani kila mpita njia alione. Huyu wa kompyuta, akiifanya kazi yake vizuri kabisa, hana cha kuonyesha. Kilichotakiwa kuondoka kimeondoka, kilichotakiwa kubaki kimebaki, basi. Mteja hawezi kutofautisha kwa macho mashine iliyofutwa kwa uangalifu na iliyofutwa ovyo, maana zote mbili zinawaka zikiwa tupu. Kwa hiyo uzuri wote wa kazi hii unategemea mtu kufanya sawasawa jambo ambalo hakuna atakayelikagua.

Fundi ninayependa kumtazama ana meza yake kwenye kibaraza cha steshenari, si mbali na stendi ya Misuna. Siku moja alikuja mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, ametoka upande wa Ikungi na kompyuta mpakato kwenye mfuko wa kitenge.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea hii, imekuwa nzito, inaganda kila nikifungua matokeo ya watoto. Ipige Windows."

"Sawa, mwalimu. Unaifuta ili uendelee kuitumia mwenyewe, au kuna mtu unamwachia?"

"Namwachia mdogo wangu, yuko Kiomboi."

"Basi kaa kidogo. Humu kuna vyako, na kuna vya wanafunzi wako."

Swali hilo ndilo mlango wa kazi nzima, na mafundi wengi hawaliulizi. Kurudisha mashine katika hali ya kiwandani ni kazi mbili zinazotumia jina moja. Kuna kuondoa uzito ili mwenye mashine aendelee nayo, na hapo kitu cha thamani ni mafaili yake. Na kuna kuiandaa mashine iende kwa mtu mwingine, hapo kitu cha thamani ni kwamba mafaili hayo yasipatikane tena kabisa. Ukiifanya kazi ya kwanza kwa njia ya pili, umempotezea mtu miaka yake. Ukiifanya ya pili kwa njia ya kwanza, umemwanika.

Baada ya swali, fundi hakufuta chochote. Alianza kukusanya. Watu wengi wanaamini kila walicho nacho kiko kwenye desktopu na kwenye folda ya Documents, na hapo ndipo fundi mwenye haraka anapoishia. Huyu alifungua folda yenye jina la mtumiaji kwenye diski C, akaanza kusoma ukubwa wa kila folda iliyomo, moja baada ya nyingine. Downloads ilikuwa na GB 11, na ndani yake ripoti ya mafunzo ambayo mwalimu alidhani aliihifadhi kwingine. Akafungua folda iliyofichwa ambako programu huweka vitu vyake, akatazama kama kuna barua pepe zilizohifadhiwa humo bila nakala mtandaoni. Akafungua kivinjari, akamwomba mwalimu mwenyewe aangalie nywila zilizotunzwa, huku yeye amegeuza uso. Akauliza juu ya printa: draiva yake ilitoka wapi, ile CD bado ipo? Akauliza kama kuna programu iliyolipiwa. Kwa karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, swali hilo lina uzito wake, maana programu ya hesabu ikiondoka bila namba yake ya leseni, msimu wa alizeti au wa dengu utaanza na daftari la mkono.

Kisha akafanya jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo linalomtenga fundi na mbonyezaji. Aliichomoa flashi yenye nakala, akaichomeka kwenye mashine nyingine kabisa, akamwambia mwalimu afungue mafaili kwa mkono wake: moja la zamani, moja la juzi, moja kubwa kuliko yote. Kunakili ni jambo moja, na nakala kufunguka ni jambo lingine. Flashi za bei rahisi zinazouzwa mitaani hupokea mafaili, zikaonyesha majina yake yote, na siku ya kuyafungua yakagoma. Mwalimu alifungua matokeo ya darasa la saba, akateremka hadi jina la mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Hapo tu ndipo fundi aliponyoosha mkono kuichukua mashine.

Ufundi huu hauna wazee. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza, pamoja na televisheni. Kwa hiyo hakuna babu aliyemfundisha baba kazi hii, baba akamrithisha mwana. Vijana wameokota maarifa kwenye vibaraza, kwa kuharibu na kutengeneza, kwa kuulizana kwa simu, na kwa mashine zilizotumika zinazoshuka Dar es Salaam na kupandishwa mabasi hadi huku bara. Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad wanazijua kwa vidole: ukiwasha Dell unagonga F12, HP unagonga F9, ThinkPad F12 tena, na ukichelewa nukta mbili umeikosa nafasi, unazima na kuanza upya.

Njia ya kuriseti iliyo ndani ya Windows yenyewe si ya zamani. Hapo awali kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake: sehemu ya diski iliyofichwa, ndani yake nakala ya mfumo kama ulivyotoka kiwandani, pamoja na takataka zote za matangazo ambazo kiwanda kilijaza. Windows 8, mwaka 2012, ndiyo iliyoleta kitufe cha kuriseti kinachofanana kwa mashine zote. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ikaacha kutegemea ile nakala iliyofichwa, ikawa inajijenga upya kutokana na mafaili ya mfumo yaliyomo tayari. Ni jambo la akili, kwa sababu linaokoa nafasi ya diski. Lakini kama mafaili hayo ya mfumo yameharibika, mashine inajijenga kwa kuoza kwake. Ndiyo maana mwaka 2020 Microsoft ikaongeza njia ya kupakua mfumo mzima kutoka mtandaoni, kiasi cha GB 4 hivi. Kwa mwenye waya wa intaneti nyumbani, GB 4 si kitu. Kwa mtu anayenunua bando, ni jambo la kupiga hesabu. Fundi wa Singida amelimaliza kwa njia yake: anapakua mara moja, usiku bando likiwa rahisi, anaweka kwenye flashi, na flashi hiyo inahudumia mashine za mtaa mzima hadi toleo jipya litoke.

Tena huku kuna shida ambayo aliyebuni kitufe kile pengine hakuifikiria. Mashine nyingi zinazofika zimeshapita mikononi mwa mafundi wengine, na mmoja wao aliwahi kufuta kila sehemu ya diski bila kujua ipi ni ipi, pamoja na ile ndogo inayobeba vifaa vya uokoaji. Unabonyeza kuriseti, mashine inajibu kwamba haiwezi. Mteja anadhani imekufa. Fundi anajua imenyang'anywa tu chombo cha kujisaidia, na anachukua flashi.

Hapo linakuja jambo ambalo wateja wengi hawalijui, na ninalisema kwa sababu nimechoka kuona watu wakiuziwa uongo. Mashine nyingi zilizotengenezwa tangu enzi ya Windows 8 na kuuzwa zikiwa na Windows halali zina namba ya leseni iliyoandikwa kwenye ubao wake. Ukipiga toleo lile lile lililotoka nayo, inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Mashine ya namna hiyo haihitaji zile programu za kuvunja kufuli ambazo baadhi ya mafundi huziweka kwa mazoea, zinazotaka kwanza uzime ulinzi wa virusi. Fundi ninayemsifu huangalia kwanza kibandiko na leseni. Anayemwekea mteja programu ya wizi juu ya leseni halali hajamsaidia, amemwekea mlango wazi.

Sasa nirudi kwenye mashine ya mwalimu, maana ilikuwa inakwenda kwa mwingine. Ukifuta faili kwa njia ya kawaida, hata ukimwaga pipa la taka, faili lenyewe haliendi popote. Ni sawa na mwalimu kukata jina la mtoto kwenye daftari la mahudhurio: jina limepigwa mstari, lakini mtoto bado amekaa kwenye dawati lake. Kompyuta imeandika tu kwamba dawati lile liko wazi kwa mwingine, na hadi mwingine aje kukalia, wa zamani yupo na anaonekana kwa yeyote mwenye programu ya kutafuta. Fomati ya haraka nayo inafanya hivyo hivyo, inafungua daftari jipya tu. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, fomati kamili huandika sifuri sehemu nzima inayofomatiwa, na tofauti ya fomati hizo mbili ni tiki moja ndogo kwenye kiboksi. Na anayepiga Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kufomati kabisa huacha folda inayoitwa Windows.old, ndani yake picha, barua na hesabu za mwenye mali wa kwanza, zimepangwa vizuri kama alivyoziacha.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Nyingine walizoweza kuzisoma zilikuwa na mambo ya hospitali, barua za mapenzi, na maelfu ya namba za kadi za benki. Wenye diski hizo walikuwa watu wa nchi yenye kompyuta kila ofisi. Kwetu mashine moja hutumiwa na mwalimu, mume wake, kijana wao aliye chuoni na katibu wa kwaya, kwa hiyo siri zilizomo ni za nyumba nzima, na za darasa zima juu yake.

Fundi alichomeka flashi, akagonga F12, akaingia kwenye dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Hapa nilisogeza benchi. Aliandika amri ya kuorodhesha diski, zikatokea mbili, moja ikiitwa 0 na nyingine 1. Hakutazama majina, maana majina hubadilika kutegemea kilichochomekwa. Alisoma ukubwa. Ya kwanza ilionyesha GB 465, nayo ndiyo diski ya mashine, kwa sababu diski inayouzwa kwa jina la GB 500 huonekana hivyo kompyuta ikiihesabu kwa njia yake. Ya pili ilionyesha GB 28, yaani flashi yenyewe. Akaweka kidole kwenye skrini, juu ya ile namba, akaisoma kwa sauti. Akachagua diski, kisha akaorodhesha tena kuhakikisha alama ya nyota imekaa kwenye mstari aliotaka. Ndipo akaandika maneno mawili, clean all. Neno la kwanza peke yake lingeondoa tu mpangilio wa diski kwa sekunde chache, na kila kitu kingebaki chini yake. Neno la pili ndilo linaloiambia mashine iandike sifuri kila mahali, mwanzo hadi mwisho.

Baada ya hapo hakuna cha kutazama. Kialama kinakaa palepale, hakuna asilimia, hakuna mstari unaosogea. Diski ya kuzunguka ya ukubwa huo inachukua saa mbili hivi au zaidi. Kitu pekee kinachosema kazi inaendelea ni taa ndogo ya diski pembeni, inayowaka bila kuzima. Mgeni wa kazi hii angeshapata wasiwasi na kushikilia kitufe cha kuzimia. Fundi alivuta kiti, akachukua mashine nyingine, na kila baada ya muda akawa anaitupia jicho ile taa.

Saa mbili hizo za kungoja ndizo zinazompa fundi heshima yangu. Umeme huku unaweza kukatika bila taarifa, na riseti iliyokatika katikati inaweza kukuachia mashine isiyowaka. Kwa hiyo hakuanza kabla betri haijajaa, na chaja ilikuwa imechomekwa. Vumbi nalo lipo. Singida ni mji wa upepo, na kuanzia Juni upepo wa kiangazi unapuliza mchanga hadi ndani ya feni za mashine. Kabla hajaanza alikuwa ameifungua mashine chini, akasafisha feni kwa brashi, kwa maelezo kwamba mashine ikichemka ikiwa katikati ya kazi ndefu inaweza kujizima yenyewe. Mwalimu alidhani uzito wote ulikuwa wa Windows. Fundi alimwonyesha vumbi lile kwenye karatasi: sehemu ya uzito ilikuwa hapo.

Kama diski ingekuwa ya SSD, angefanya vingine. Diski hizo zina kidhibiti kinachohamisha data huku na kule ili chembe zake zisichakae upande mmoja, na kwa sababu hiyo kuandika sifuri juu yake kunaweza kuacha pembe ambazo hazikuguswa. Njia ya kufaa ni kuiamuru diski yenyewe ijifute kwa amri iliyojengwa ndani yake. Na wale wanaosisitiza kwamba diski ifutwe mara 35 wanafuata utafiti wa Peter Gutmann wa mwaka 1996, uliokuwa unazungumzia aina nyingi za diski za enzi hizo. Kwa diski ya kuzunguka ya siku hizi, mara moja iliyokamilika inatosha. Ninachompendea fundi huyu ni kwamba hafanyi mara 35 ili aonekane mkali, wala hafanyi nusu ili awahi daladala. Anafanya inayotosha, anaimaliza.

Kuriseti kwa Windows yenyewe kuna chaguo la kusafisha diski, na kwa mtu wa kawaida linafaa. Microsoft wenyewe wanasema halifikii viwango vya serikali na viwanda. Zahanati, shule na vyama vya ushirika wanapaswa kulijua hilo, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mashine ya zahanati inayouzwa kwa mnada ikiwa na majina ya wagonjwa ndani ni jambo zito, na sidhani wenye minada wengi wamewahi kuwaza kumwita fundi kabla ya nyundo.

Jioni, mashine ya mwalimu ilikuwa na Windows mpya. Fundi aliifikisha kwenye skrini ya kwanza, ile inayouliza uko nchi gani, akaizima hapohapo. Hakutengeneza akaunti, hakuweka jina lake wala nywila yake. Mdogo wa mwalimu ataiwasha Kiomboi, atachagua Tanzania, ataandika jina lake mwenyewe. Mafundi wengi huendelea mbele kwa nia njema, wakaacha mashine ina akaunti ya "user" na nywila ya 1234 ambayo nusu ya mji inaijua. Huyu anasimama mahali kiwanda kiliposimama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaposema hali ya kiwandani, anamaanisha hivyo hasa.

Kazi ya namna hii imeongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Mashine nyingi za huku, nzuri tu, hazina kichakataji wala chipu ya TPM 2.0 vinavyotakiwa na Windows 11, kwa hiyo ofisi zitazitoa na watu watazirithi, kutoka Singida hadi Manyoni, Itigi na Nduguti. Kila moja itabeba kumbukumbu za aliyeitumia isipokuwa mtu mmoja akae nayo saa kadhaa.

Ndugu msomaji, ukifika zamu yako, mpelekee fundi asubuhi ili apate muda. Beba chaja, beba nywila zako, beba na flashi ya nakala. Mwambie mashine inakwenda kwa nani, na asipokuuliza, mwambie wewe. Fungua nakala zako kwenye mashine nyingine kabla hajagusa kitu. Akikuambia urudi jioni, rudi jioni, na usimwombe punguzo kwa sababu ulimkuta amekaa.